Nauli ya Pacha na Mama Mkwe

Marafiki zangu wa Khayega, habari imewafikia kabla yangu, kama kawaida. Shemeji yangu Wycliffe alikuja kutupokea Kisumu, akaona alichoona, na kabla gari halijafika Kakamega alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba Shitandi ametoka ng'ambo amembebea mama mkwe mkoba, wanatembea sambamba, tena wanacheka. Tangu siku hiyo duka langu la mbao limekuwa ofisi ya maswali. Mtu anakuja kununua misumari, anaondoka bila misumari, alitaka tu kujua nilirogwa na nani. Basi nimeamua kuandika yote, nisomwe mara moja nipumzike.

Salimu wa mitumba ametoka Malindi na hutucheka sana kwa jambo hili, kwa hiyo kwa ajili yake nitaeleza kidogo. Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hampeani mikono. Hamli meza moja, hamketi benchi moja, na ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Ukiwa na neno, unamtuma mtu. Jina lake hulitaji, na ndiyo maana halimo humu. Wengi siku hizi wameacha mambo haya, lakini mama mkwe wangu wa Navakholo hajaacha hata moja, nami tangu nioe nilikuwa sijauona uso wake zaidi ya kidevu.

Sasa, mke wangu Emily ni muuguzi huko Glasgow, Uskoti. Mimba yake ya kwanza ilikuwa inafika mwisho, na madaktari wakaamua mtoto atatolewa kwa upasuaji, Alhamisi asubuhi. Emily ameingiza wagonjwa wengi katika chumba kile bila kutetemeka, lakini zamu yake ilipofika alilia kwenye simu. "Siingii huko bila mama," aliniambia. "Wewe njoo, nakupenda, lakini mama awe mlangoni." Sikuona wivu. Mama yake hajawahi kupita Eldoret na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo ilikuwa lazima nimpeleke mwenyewe, na ilikuwa lazima tufike kabla ya Alhamisi asubuhi. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Mengine yote ni vichekesho.

Nauli za kawaida hazikushikika. Ndipo nikaona kwenye simu shirika moja linauza kitu kinaitwa Nauli ya Pacha, watu wawili kwa bei inayokaribia ya mtu mmoja. Nilibonyeza kwa furaha. Masharti niliyasoma baada ya kubonyeza. Pacha wafike kaunta pamoja, wakae bega kwa bega kutoka mwanzo hadi mwisho, watumie begi moja la nguo, na mmoja akienda peke yake tiketi ya mwenzake inakufa papo hapo. Hata mchungaji aliyetufungisha ndoa hakutupa masharti makali hivyo.

Navakholo hadi Kisumu

Asubuhi ya kuondoka, boma la wakwe zangu lilijaa akina mama wa kanisa. Kulikuwa na obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, ya kutosha kijiji. Mimi nilikula nje na wanaume, mama akala jikoni, kila kitu kikawa sawa mpaka lilipokuja suala la begi.

"Begi moja?" aliuliza Jacky, mke wa Wycliffe. "Nguo ya mkwe na nguo ya mama mkwe zilale pamoja humu ndani? Zitaongea nini?"

Akina mama wakaguna. Mmoja akasema afadhali mimi niende na nguo nilizovaa, Mungu atanipa nyingine mbele. Jacky ana akili ya haraka. Alichukua gunia safi la mahindi, akatia suruali na mashati yangu, akalishona mdomo kwa sindano ya magunia, kisha akaliweka gunia upande mmoja wa begi. Katikati akapanga pakiti za unga wa wimbi ambao mama alikuwa anampelekea Emily wa kupikia uji, maana mzazi bila uji wa wimbi maziwa yatatoka wapi? Upande wa pili ukawa wa mama. Mchungaji alikuja akaomba. Aliombea rubani, akaombea mabawa yote mawili ya ndege, akaombea hata wale wanaouza chai angani. Alipofika kwenye magurudumu Wycliffe akaanza kuwasha gari.

Katika ile Probox ya Wycliffe nilikaa mbele, mama nyuma na Jacky. Kile kioo kidogo cha kwenye kikinga jua nilikigeuza juu nisije nikakutana na uso wa mtu. Hatukuenda mbali. Trekta la miwa lilikuwa limepinduka na trela lake katikati ya barabara ya murram, miwa imetapakaa kote, na watu wameshakaa ukingoni wanatafuna kwa amani. Dereva alikuwa anatafuna pia. Tulishuka tukasukuma na kuvuta, tukaondoa miwa mmoja mmoja, na kila tulipoondoa mmoja kulikuwa na mtu wa kuupokea na kuupeleka kwake. Nilifika Kisumu na matope magotini, jasho mgongoni, na utomvu wa miwa kwenye mikono yote miwili.

Kisumu hadi Nairobi

Kaunta ilikuwa karibu kufungwa. Dada aliyekuwa pale aliitwa Akinyi, jina lilikuwa kifuani. Alitazama pasipoti zetu, akatazama nyuma yangu.

"Pacha wako yuko wapi?"

"Yuko pale."

Akachungulia. Palikuwa na nguzo, na nyuma ya nguzo palionekana pindo la leso.

"Mwite basi. Lazima mje pamoja."

"Siwezi kumwita."

"Mmegombana?"

"Hapana, dada. Ni mama mkwe."

Akinyi aliweka kalamu chini polepole. "Wewe," akasema. "Wewe umenunua Pacha na mama mkwe?" Akamgeukia mwenzake wa kaunta ya pili, akamwambia kitu kwa Kijaluo, wakacheka wote wawili mpaka mmoja akatafuta karatasi ya kujifuta macho. Mimi nilikuwa nimesimama tu na matope yangu. Halafu uso wake ukabadilika, akawa mtu wa kazi.

"Hata kwetu hatukaangi na mama mkwe hivyo," alisema. "Nyanya yangu akisikia hii atakufa mara ya pili. Sasa mama anaitwa nani?"

"Imeandikwa kwa pasipoti."

"Aah! Hata jina? Pole, ndugu yangu. Ngoja."

Alitoka nje ya kaunta na karatasi zake, akatembea mpaka nusu ya njia kati yangu na ile nguzo, akasimama hapo. "Sheria inasema mfike kaunta pamoja," alitangaza kwa sauti ili na mama asikie. "Leo kaunta ni mimi. Mama, uko hapo?" Pindo la leso likatikisika. "Shitandi, uko hapo?" Nikasema niko. "Basi mmefika pamoja." Akarudi kwenye kompyuta yake akaendelea kubonyeza.

Alipoliinua begi na kuhisi uzito, aliuliza kuna nini. Nilimweleza habari za gunia na ukuta wa wimbi. Hakucheka tena. Alinifungulia, nikatoa gunia langu, akalifunga karatasi ya mzigo kama begi la pili. Nilimkumbusha masharti. "Masharti wameandika watu ambao hawana mama mkwe," alisema. Kuhusu viti alininong'oneza kwamba kompyuta itatuona tumekaa bega kwa bega, lakini tukishapanda macho ya kompyuta hayafiki ndani. Ndivyo ilivyokuwa. Mfanyabiashara mmoja wa samaki alibadilishana kiti na mama bila hata kuuliza sababu, na mimi nikaruka hadi Nairobi nikinusa mbuta. Sijawahi kufurahia harufu ya samaki kiasi kile.

Nairobi hadi Ghuba

Nairobi hawachezi. Walikuwa wametangaza kwamba abiria wa Pacha watakaguliwa mlangoni, kwa sababu kuna watu wajanja wananunua ya wawili wanaenda mmoja. Mimi nilikaa mwanzo wa ukumbi wa kungojea, mama mwisho wake. Msimamizi wa lango alikuwa mzee mmoja wa makamo, mpole, Bwana Mutiso, mwenye sweta ya kazi na miwani iliyoning'inia shingoni. Alitazama orodha yake, akanitazama, akatazama kule mwisho. Akatikisa kichwa kwa huzuni, na badala ya kuja kwangu, akaenda kwa mama. Nilimwona akichuchumaa mbele yake. Sauti yake ilinifikia hata kule nilikokaa, na maneno yale sitayasahau.

"Mama," alisema, "safari ni ndefu. Msamehe mzee wako. Ndoa ni kuvumiliana."

Mama alipiga ukelele mdogo. Alivuta leso ikafunika kichwa chote, akateremka kutoka kwenye kiti, akaketi sakafuni katikati ya uwanja wa ndege wa kimataifa kama mtu aliyefiwa. Watu wakaanza kusimama. Bwana Mutiso alikimbia kuja kwangu akiwa amepoteza rangi. "Nimesema nini? Mke wako amefanya nini?"

"Si mke wangu! Ni mama mkwe!"

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee wa watu, alikuwa anataka tu kusuluhisha. Alirudi kwa mama, akainama, akaomba msamaha kwa kila namna anayojua, lakini sauti iliyotoka chini ya leso haikuwa ya kubembelezeka.

"Mwambieni Wycliffe akuje anichukue. Mimi siwezi ingia kwa hii ndege kama bibi ya mkwe wangu. Watu ya Navakholo watasema nini? Nitaangalia mchungaji na macho gani?"

Hapo sikuona kichekesho tena. Foleni ilikuwa imeanza kusogea. Nilimfikiria Emily na ule mlango wake, na mama akiwa njiani kurudi nyumbani kwa sababu nilibonyeza simu bila kusoma. Nilitamani kumwambia mama jambo lolote, na sikuwa na mtu wa kumtuma.

Bwana Mutiso alivaa miwani, akafungua masharti kwenye kompyuta, akasoma akifuata kwa kidole. "Ngoja. Hapa kwa Kiingereza chao hawajasema bega kwa bega. Wamesema safu moja. Safu moja si kugusana." Akainua kichwa. "Tukipata mtu wa kukaa katikati yenu, mama atakubali?"

Leso ilikuwa inafikiria.

"Lakini nani atakubali kukaa katikati?" nikauliza.

"Mimi," ikasema sauti kutoka kwenye foleni.

Alikuwa mama mmoja mkubwa wa umbo, amevaa buibui, mkoba begani. Baadaye nilijua anaitwa Zainabu na anakwenda kumwona mwanawe anayefanya kazi Ghuba. Hakunisemesha mimi. Alikwenda moja kwa moja mpaka ilipokuwa leso.

"Mulembe, mama. Asalaam aleikum. Mimi ni wa Ekero, hapa tu Mumias. Hii mambo ya wakwe naijua yote. Mimi nitakuwa ukuta yako."

Leso ikauliza, "Wewe ni mnene kiasi gani?"

Zainabu akafungua mikono, buibui ikatanda kama pazia la jukwaa. "Angalia mwenyewe."

Mama alifunua jicho moja. Akatazama kutoka chini hadi juu. Kisha nikasikia kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia tangu nioe, kicheko cha mama mkwe wangu. Akanyoosha mkono, Zainabu akamwinua.

Kompyuta ilikataa kuwatenganisha pacha. Bwana Mutiso alijaribu, ikakataa, akajaribu tena, ikapiga kelele. Basi akachukua kalamu, akakata namba za viti kwenye karatasi zetu na kuandika nyingine kwa mkono wake, akaweka na sahihi. "Wakiniuliza," alisema, "nitawaambia nilikuwa natengeneza kosa langu." Alitusindikiza mpaka mlango wa ndege, akiwa mbele ya mama kwa heshima zote, kama mshenga.

Safari ile ilikuwa karamu. Mama dirishani, Zainabu katikati, mimi upande wa njia. Neno lolote lilipita kwa Zainabu, hata kama wote tumelisikia.

"Mwambie mama asiogope, hayo ni mawingu tu," nilisema.

"Mama, mkwe anasema usiogope, ni mawingu."

"Mwambie mkwe yeye ndiye ameshika kiti mpaka vidole vimekuwa nyeupe."

"Mkwe, mama anasema..."

"Nimesikia."

"Hapana, lazima nikuambie, hii ni kazi yangu."

Chakula kilipoletwa, mama alifunua sahani, akaona wali wa kujaza kijiko kimoja na kipande cha kitu kisichojulikana. Alikifunika tena kwa adabu. Kutoka kwenye mkoba akatoa ingokho iliyokaushwa kwa moshi, imefungwa kwenye majani ya ndizi. Zainabu alitazama kwa tamaa, akasita.

"Usiogope," mama akamwambia. "Hii imechinjwa na Hamisi, jirani. Sisi tunamwitanga yeye kila siku, kwa sababu wageni ya kila dini wanakujanga kwetu."

Zainabu akasema bismillahi, akaanza na paja. Harufu ilitembea ndege nzima. Mhudumu mmoja alikuja haraka, nikadhani tumevunja sheria nyingine, kumbe amekuja na sahani tatu zilizopashwa moto na anauliza kwa upole kama kuna bawa limebaki. Lilibaki.

Ghuba

Tulitua alfajiri ya Jumatano kwenye uwanja mkubwa kuliko mji wa Kakamega. Zainabu na mama waliagana kwa kukumbatiana na kulia, watu waliofahamiana jana. Na mimi nilikuwa karibu kulia, kwa sababu ukuta wangu ulikuwa unaondoka.

Kulipokucha tukaona ukungu mzito umefunika viwanja vyote. Ndege zikachelewa, kisha moja baada ya nyingine zikafutwa, na yetu ya kwenda Glasgow ikiwamo. Tulipanga foleni ndefu, mimi mbele, mama nyuma yangu akiwa amewaruhusu watu wawili wakae kati yetu kwa makusudi. Mezani alikuwa dada Mfilipino, mdogo wa mwili, aitwaye Marisol. Tulizungumza Kiingereza, nami nawaandikia kwa Kiswahili.

"Pacha," alisema akitazama kioo cha kompyuta. "Viti viwili pamoja vipo kesho. Mtafika Alhamisi jioni."

"Mke wangu anapasuliwa Alhamisi asubuhi."

Akabonyeza tena. "Leo ukungu ukiinuka kuna ndege moja. Ina kiti kimoja tu. Lakini nyinyi hamuwezi kutengana. Nikiwatenganisha, tiketi zote mbili zinakufa."

Kiti kimoja. Niseme ukweli, jambo la kwanza lililonijia halikuwa zuri. Nilimwona mtoto wangu wa kwanza akitoka tumboni na mimi nikiwa pale. Nilikuwa nimeota hilo kwa miezi. Lilinikaa kifuani kitambo, halafu nikakumbuka Emily hakuniomba mimi mlangoni. Nikamwambia Marisol kiti kile kinamfaa mama yake mke wangu, na kama kuna njia yoyote duniani aitafute.

Hakuahidi kitu. Alitazama masharti, akapiga simu, akazungumza kwa sauti ya chini, akatulia, akazungumza tena kwa sauti ambayo haikuwa ya chini. Akaweka simu. "Sheria inawakataza nyinyi kutengana," alisema. "Haikatazi sisi kuwatenganisha. Ukungu ni wetu, ucheleweshaji ni wetu. Nitaandika kwamba ni shirika ndilo lililowatenganisha. Mkubwa wangu hapendi, lakini amenyamaza, na hapa kunyamaza ni kukubali. Sasa mwulize mama kama yuko tayari kwenda peke yake. Haraka."

Mwulize mama. Nani amwulize? Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa Ekero wala wa mahali popote. Basi nikafanya ninachojua. Nilimgeukia Marisol na kumwambia kwa Kiswahili, polepole, "Tafadhali mwambie mama kwamba ndege iliyopo ina kiti kimoja."

Marisol alinikodolea macho. Kisha, Mungu ambariki, akaitikia kwa kichwa kwa uzito, kama aliyeelewa kila kitu.

"Mwambie mama kwamba akienda nayo atamkuta Emily kabla hajaingia. Tukingoja viti viwili, tutakuta ameshatoka."

Marisol akaitikia tena, akamtazama mama, akarudisha macho kwangu kuomba yaliyosalia.

"Mwambie mama asihofu Kiingereza. Watu watamshika mkono mpaka..."

"Wewe," ikasema sauti nyuma yangu.

Niliganda. Mama alikuwa amewapita wale watu wawili. Alikuwa amesimama karibu yangu, karibu kabisa, leso imeshuka mabegani.

"Mwache huyu mtoto wa watu, hajui unasema nini. Sema na mimi."

Nilitazama sakafu.

"Angalia juu, Shitandi. Mimi ni mtu tu."

Nikaangalia. Ana macho ya Emily. Nilikaa na mke wangu miaka yote hiyo bila kujua alikoyatoa.

"Na wewe?" aliniuliza. "Mtoto ni yako. Unataka mimi nimwone kabla yako?"

"Mama, mtoto atakuwa wangu hata kesho kutwa. Emily amekutaka wewe asubuhi."

"Nikipotea?"

"Hutapotea."

"Na hao wazungu wakiniuliza kitu?"

"Wasalimie."

Alifikiri. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa ncha ya leso kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi. "Haya. Nitaenda," alisema.

Marisol hakuwa ameelewa neno hata moja, lakini alikuwa analia pia. Alitoka nyuma ya meza, akafungua ile skafu ya kazi aliyovaa shingoni, akamfunga mama juu ya leso. Nilijua tu kwamba wafanyakazi hawaruhusiwi kutoa sare zao kwa abiria. Akaniambia nimfasirie kwamba yeyote mwenye skafu kama hii, hapa au ndani ya ndege au huko anakokwenda, atajua kwamba mama ni mtu wao. Nilimfasiria mama mwenyewe, moja kwa moja. Alijitazama kwenye kioo cha meza, akainyoosha skafu kidogo. Ilimpendeza.

Alipokuwa anaondoka na Marisol aligeuka mara moja. "Ukule!" alinipigia kelele kwenye ukumbi mzima. "Tangu Nairobi hujakula kitu ya maana!"

Nilikula. Siku ile wenzake Marisol walinilisha kwa zamu, wali na kuku wa siki wa kwao, chai, biskuti, na kila aliyekuja aliuliza habari za mama. Marisol alinijulisha mama alipotua. Alikuwa amepokelewa mlangoni mwa ndege na dada mwingine mwenye skafu, akakabidhiwa kwa muuguzi mwenzake Emily, na inasemekana alisalimia kila mtu mpaka kwenye gari. Asubuhi ya Alhamisi simu yangu ikaita. Ni msichana. Wote wazima. Nilipiga yowe la Kiluhya katikati ya uwanja, na wale watu wa kaunta, ambao hawakuhitaji kufasiriwa, wakasimama wakapiga makofi. Abiria mmoja aliyekuwa amelala sakafuni alishtuka, akapiga pia.

Glasgow

Mvua ya Glasgow ni nyembamba na haiishi. Nilitua Alhamisi jioni, saa za kuwaona wagonjwa zimepita, nikafika hospitalini Ijumaa asubuhi na gunia langu la mahindi begani, na mlinzi akalitazama kwa muda mrefu kabla ya kunielekeza.

Emily alikuwa kitandani, amechoka, anang'aa. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia kwamba alipokuwa anasukumwa kwenda kwenye kile chumba mama alitembea kando ya kitanda mpaka pale palipoandikwa mwisho wa kupita. Manesi walimwacha apite kidogo zaidi. Walipomrudisha Emily, alimkuta mama amesimama palepale. "Sikuogopa," Emily alisema. "Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, na sikuogopa."

Mama alikuwa dirishani na mtoto mikononi. Nilipomwona, mazoea yalinirudia yote kwa pamoja. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, nikatazama chini, nikangoja amweke mtoto kitandani na kusogea, ili nije nimchukue, ndivyo inavyofanyika kwetu.

Niliona miguu yake ikija. Haikwenda upande wa kitanda. Ilikuja mpaka ikasimama mbele ya viatu vyangu.

"Weka hiyo gunia chini," alisema. "Fungua mikono."

Nikaweka. Nikafungua. Akanipa binti yangu, na mtoto alikuwa mwepesi na mwenye joto, akikunja uso kwa ajili ya mwanga. Mikono ya mama mkwe wangu ilikuwa chini ya yangu, mikavu na yenye nguvu, na hakuiondoa mpaka alipohakikisha nimemshika vizuri.